UZI: Tuliochelewa kuujua muziki wa zamani tukutane hapa, na wazee wa santuri mkaribie

mchimba_santuri

Wakuu habari za muda huu.

Nimeona nianzishe huu uzi maana kila nikiingia kwenye mijadala ya muziki wa zamani nakuta makundi mawili tu, kuna wale waliokuwepo enzi hizo na wanataka kila mtu ajue walikuwepo, na kuna vijana wanaoambiwa nyie hamjui muziki kaeni pembeni. Sasa sisi ambao hatukuwepo, hatukurithi kabati la santuri la mtu yeyote, tumekuja kuupenda huu muziki tukiwa watu wazima na majukumu yetu, hatuna pa kukaa. Mimi ni wa kundi hilo na nasema bila aibu kuchelewa ni raha, tena sijifariji.

Sikilizeni. Mtu aliyekuwa kijana mwaka 1969 alisikiliza kilichotoka 1969 afu anasubiri. Bendi yake ikitoa albamu mbovu imekula kwake, anasubiri tena mwaka mzima. Sisi tumekuta kila kitu kimeshatoka, leo unasikiliza ya 1959, kesho ya 1974, keshokutwa unarudi 1936, hakuna wa kukwambia umeruka mstari. Na ile migogoro yao ya nani kasaliti jazi, nani kachomeka gitaa la umeme kaharibu muziki, haituhusu hata kidogo, sisi tunasikia santuri tu.

Halafu ukifuatilia utaona hata hao wakubwa wenyewe walichelewa. Pablo Casals, mpiga cello (ile fidla kubwa), alikuwa na miaka 13 tu, mwaka 1890, alipokutana na noti za zile suti, yaani mfululizo wa vipande vya cello, za Bach kwenye duka la noti kuukuu Barcelona. Bach alizitunga kama mwaka 1720 hivi! Watu walikuwa wanazichukulia kama mazoezi ya wanafunzi. Casals akazifanyia kazi miaka kumi na kitu kabla hajathubutu kuzipiga mbele ya watu, na kuzirekodi zote kamaliza 1939. Robert Johnson wa bluzi naye alirekodi nyimbo 29 tu, kwenye vikao vya 1936 na 1937, akafa 1938 akiwa na miaka 27, hajulikani nje ya kwao. Lebo ya Columbia wakaja kukusanya baadhi yake kwenye LP, ile santuri ndefu, mwaka 1961, ndo vijana wa Uingereza akina Keith Richards na Eric Clapton wakazipata, wakachanganyikiwa. Yaani huo muziki wa rock wa miaka ya 60 ambao leo tunauita wa zamani, nusu yake ni kazi ya watu waliochelewa kama sisi.

Mlango wangu mimi ulikuwa hip hop. Unasikia mdundo, unauliza huu umetoka wapi, unapelekwa nyuma. Wengi mtakuwa mnaijua "Amen, Brother" ya The Winstons hata kama jina hamlijui. Ya 1969, tena upande B, ule wa nyuma wa santuri. Katikati bendi inanyamaza, mpiga dramu Gregory Coleman anabaki peke yake kama sekunde sita hivi. Hizo sekunde sita zimekatwa na kubandikwa kwenye maelfu ya nyimbo, aina nzima za muziki wa dansi wa mitambo, jungle na drum and bass, zimejengwa juu yake. Ukishajua hivo huwezi kurudi kusikiliza kijuujuu tena.

Sasa raha ya santuri iko wapi. Wengi watawaambia sauti. Mimi nasema ni mgongo wa jalada. Unageuza unasoma nani kapiga besi, nani kapiga dramu, nani kapanga vyombo, imerekodiwa wapi, fundi mitambo nani. Jina moja ukikutana nalo mara mbili unaanza kulitafuta, na hapo ndo umekwisha, maana huchagui tena kwa waimbaji unachagua kwa wapiga besi. Ushahidi kwamba hayo majina ni mali, angalieni lebo ya Motown ya Detroit. Miaka yote ya 60 zile hiti zinapigwa na watu walewale wa studio, Funk Brothers, James Jamerson kwenye besi, na kwenye majalada hawaandikwi. Ni mpaka 1971, kwenye "What's Going On" ya Marvin Gaye, ndo wakaandikwa majina yao. Dunia nzima ilikuwa inacheza besi ya mtu na haijui anaitwa nani.

Karibuni. Semeni mlango wenu ulikuwa upi, na mnakusanya nini. Wa kubisha pia waje.

bila_nyaya

Mkuu uzi mzuri ila naanza kubisha mimi. Hayo yote yapo kwenye simu, kuanzia Casals mpaka huyo Coleman. Sasa mtu ajaze nyumba madude ya plastiki ya nini? Naona mnapenda shida tu hahaha.

mchimba_santuri

bila_nyaya hahaha mkuu shida tunaipenda kweli, silikatai hilo. Na simu natumia sana, nusu ya vitu nimevijulia humo. Ila angalia simu inavyokufanyia, wimbo ukiisha unakuja mwingine unaofanana nao, ukiisha huo mwingine, mpaka unasinzia. Hakuna mahali inapokwambia imeisha. LP upande mmoja ni dakika 20 na kidogo, sindano inafika mwisho, kimya, inuka ugeuze au uache. Huko kuinuka ndo kunanifanya nijiulize nimesikia nini. Na kwenye simu mara nyingi utaona mwimbaji na mtunzi, mpiga besi mpaka umtafute kwa tochi.

Kingine upande B. Kampuni zilikuwa zinasukuma upande A redioni, upande B wanaweka chochote. "Rock Around the Clock" ya Bill Haley ilitoka upande B 1954. "I Will Survive" ya Gloria Gaynor nayo upande B, 1978, madiji wakaigeuza. Jamaica ndo wakazidisha, mwishoni mwa miaka ya 60 wakaanza kuweka upande B wimbo uleule bila mwimbaji, mafundi kama King Tubby, ambae kazi yake ilikuwa ni kutengeneza redio na amplifaya, wakaanza kuichezea hiyo midundo mpaka ikazaliwa dub. Muziki mzima umetoka upande ambao haukutarajiwa kusikilizwa.

kiziwi_wa_kushoto

Mi nimekuja kwa ajili ya hili la sauti maana watu wanadanganyana sana. Mnisamehe nitakuwa mrefu, nimefanya kazi na mitambo.

Vinili, hizi santuri za plastiki, sio "sauti halisi isiyoguswa" kama mnavoambiana. Haiwezekani kabisa kuichonga besi yote kama ilivyo kwenye mfereji anaopita sindano, mfereji ungekuwa mpana mno, sindano ingeruka na dakika zisingetosha. Kwa hiyo wakati wa kuichonga santuri, besi inapunguzwa sana na sauti nyembamba zinaongezwa, afu mashine yako nyumbani inafanya kinyume, inarudisha besi na kushusha zile nyembamba, na hapohapo ile mikwaruzo ya juu inapungua. Kanuni hiyo makampuni ya Marekani yalikubaliana 1954, kabla ya hapo kila lebo ilikuwa na yake. Ndo maana ukichomeka pleya ya santuri kwenye tundu la kawaida la amplifaya unapata sauti ndogo, nyembamba, kama inatoka bafuni, unadhani mashine mbovu. Sio mbovu, inataka tundu lililoandikwa PHONO au kile kiboksi chake cha katikati.

La pili, santuri inazunguka kwa mwendo uleule mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Nje kabisa sindano inapita kama sentimita 50 kwa sekunde, karibu na lebo inapita kama 21. Yaani wimbo wa mwisho unapewa chini ya nusu ya nafasi aliyopewa wa kwanza. Ndo unasikia zile "s" za mwimbaji zinachanika mwishoni. Na waliopanga albamu walijua, angalieni santuri zenu, nyimbo za fujo mara nyingi zinafungua upande na zile za taratibu zinawekwa mwisho. Sio hisia tu ile, ni hesabu.

Kwa hiyo CD kwa vipimo inashinda, hilo halina mjadala. Ila santuri iliyokatwa na fundi mzuri kwenye mashine iliyofungwa vizuri ni tamu, na utamu hauna kipimo, hapo siwabishii.

mchimba_santuri

kiziwi_wa_kushoto aisee shukrani mkuu, hili la wimbo wa mwisho nilikuwa nalisikia kwa masikio sijui sababu. Na ndo nilichosema, sauti sio hoja yangu. Hizi santuri mpya za gramu 180 wanazotangaza kama dawa, uzito wenyewe hauongezi sauti, rekodi ikiwa imeharibiwa tangu studio hata uipige kwenye sahani ya kilo moja ni ileile.

bibi_wa_78

Habari zenu wanangu. Mnaongelea vinili tu kana kwamba dunia ilianza 1948 LP ilipotoka. Mimi nakusanya zile za kabla, za mizunguko 78. Upande mmoja wa inchi kumi ni dakika tatu tu basi, na ndo maana mpaka leo wimbo wa redio ni dakika tatu, mashine iliwazoesha watu.

Nawaonya mnaotaka kuingia huku. Zile si vinili, ni sheleki, utomvu wa kidudu kinachofugwa India, imechanganywa na unga wa mawe. Ikidondoka imekwenda. Na MSIZISAFISHE KWA SPIRITI, alkoholi inayeyusha sheleki, nimeona watu wanafuta vumbi wanafuta na muziki. Maji safi kidogo, kitambaa laini, kausha haraka, lebo usiilowanishe. La pili sindano ya LP ni nyembamba mno kwa mifereji ile, inaenda kukwangua chini kwenye uchafu, tafuteni sindano yake ambayo ncha yake ni kama mara tatu au nne kwa unene.

Lakini mkishapata, jamani. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928, mwanamke anaimba taarabu kwa Kiswahili, sahani zinarudi Afrika Mashariki kwa meli. Ukiisikia ile sauti ikitoka kwenye kelele kama za mvua, huwezi kusema ni muziki wa zamani. Mtu anakuimbia sasa hivi.

mchimba_santuri

Shikamoo bibi! Tumefurahi umekuja. Swali, hizo kelele unazizoea au unazisafisha kwenye kompyuta?

bibi_wa_78

Marahaba mwanangu. Siku za mwanzo zinasumbua, baadae masikio yanajifunza kuzipita. Wanaosafisha sana kwenye kompyuta wanaondoa kelele na pumzi ya mwimbaji pamoja, kazi inabaki kama maiti iliyopakwa poda. Nakili, safisha kidogo, acha.

namba_za_mwisho

Wakuu mi ugonjwa wangu ni ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Ipigeni taa muisome. Kuna namba zimechorwa, zinakwambia imekatwa toleo la ngapi, na mafundi wengine waliacha saini. George Peckham wa Uingereza alikuwa anachora "A Porky Prime Cut", ukiiona unajua huyu besi hakuionea huruma. Na santuri za jazi za lebo ya Blue Note za miaka ya 50 na 60 mnatafuta RVG au VAN GELDER. Huyo Rudy Van Gelder alikuwa daktari wa kupima macho mchana, jioni anarekodi jazi sebuleni kwa wazazi wake, New Jersey, mpaka 1959 alipohamia studio yake mwenyewe. Sebuleni! Nusu ya zile santuri watu wanazopigania zimerekodiwa sebuleni kwa mama wa mtu.

Na mono (sauti ya njia moja) na stereo (ya njia mbili, kushoto na kulia) za miaka ya 60 msidhani ni kitu kimoja, mara nyingi ni mikisi miwili tofauti, yaani sauti zimechanganywa upya. "Sgt. Pepper" ya 1967, Beatles wenyewe walikaa kwenye mikisi ya mono, stereo wakawaachia mafundi. Sikiliza zote mbili utaona kuna vitu havifanani.

NimekujaKusoma

Samahani wakubwa, mimi ndo kwanza naanza, nimeona zile pleya za kibegi zenye spika ndani, zinafaa? Naskia zinakula santuri.

kiziwi_wa_kushoto

Mdogo wangu "kula" wanatia chumvi ila wana pointi. Katriji, kile kichwa kinachobeba sindano, nyingi za kawaida zinataka kukandamiza gramu moja na nusu mpaka mbili na nusu. Nyingi ya zile za kibegi zinakandamiza kama gramu tano au zaidi na huwezi kurekebisha, halafu spika iko boksi moja na sindano inatikisika. Kama ndo uwezo uliopo anza nayo kwa santuri ambazo hazikuumi. Ukipata nafasi chukua iliyotumika, yenye uzani unaorekebishika nyuma ya mkono, na kitu cha kwanza badilisha sindano, maana hujui mwenye nayo aliipigia nini. Santuri zisimame wima, usizilaze kwa rundo, na mbali na jua, zinapinda hizo. Shika pembeni na kwenye lebo tu.

bila_nyaya

Nimerudi, nawasoma kimya kimya hahaha. Ila kuna jambo linanikera kwenye haya mambo ya "tumegundua msanii aliyesahaulika". Anagundua nani na anakula nani? Mchimba umemtaja yule mpiga dramu wa sekunde sita, yule kafa 2006 hajalipwa hata senti kwa zile sekunde. Mwimbaji Rodriguez wa Detroit naye, albamu mbili 1970 na 1971, Marekani hazikuuza, kumbe Afrika Kusini ni nyota kabisa, watu wanaamini alijiua jukwaani, jamaa yupo kwao anabomoa nyumba kwa vibarua, hajui chochote na hela haimfikii. Mashabiki wakamtafuta mpaka wakampata 1997 ndo mwaka uliofuata akaenda kupiga kule. Sasa hiyo ni hadithi tamu au ni wizi?

mchimba_santuri

Mkuu hapo umepiga penyewe, ni vyote viwili na sina jibu la kukuridhisha. Tena niongeze, sisi tunaonunua santuri zilizotumika ndo kabisa, ile hela inamfikia muuzaji tu, msanii haoni kitu. Ninachofanya, kama kuna toleo jipya lililotolewa na watu waliomtafuta msanii au familia wakaandikishana, nachukua hilo hata kama la zamani lina sifa kwa wakusanyaji. Wale wanaonakili kutoka kwenye santuri kuukuu na kutoa kava jipya bila kumuuliza mtu, siwagusi.

Ila kuchelewa kwingine kumewahi kumkuta msanii akiwa hai na akafaidi. Buena Vista Social Club, wale wazee wa Cuba, wamerekodi Havana 1996, Rubén González ana miaka sabini na kitu na nyumbani hana piano, Ibrahim Ferrer ameshaachana na muziki anang'arisha viatu. Albamu ikatoka 1997, wazee wakazunguka dunia. Mwimbaji Nick Drake wa Uingereza hakuifaidi hiyo, albamu tatu, hazikuuza, kafa 1974 na miaka 26, na wengi wamemjua kwa tangazo la gari robo karne baadae. Mimi hilo la kujulia kwenye tangazo silicheki, mlango ni mlango.

bila_nyaya

Sawa hapo nimekuelewa. Bado sinunui hahaha. Ila hiyo ya Motown jana nimeisikiliza yote, nikasikiliza besi tu. Huyo Jamerson alikuwa anafanya nini pale, ni kama yuko kwenye wimbo wake mwenyewe na bado hatoki kwenye mstari.

bibi_wa_78

Huyo kashaingia. Mwacheni taratibu.

NimekujaKusoma

Swali la mwisho wakubwa, mnazipangaje? Kwa herufi, kwa mwaka au kwa aina ya muziki?

namba_za_mwisho

Kwa lebo, na ndani ya lebo kwa namba ya katalogi. Wageni hawaelewi chochote na ndo vizuri, hawachomoi.

kiziwi_wa_kushoto

Herufi. Ni santuri mdogo wangu, sio nyaraka za siri, usimsikilize huyo.

mchimba_santuri

Mimi nilipanga kwa wapiga besi. Sipati kitu hata kimoja ninachokitafuta, ila kila nikitafuta natoka na kingine na jioni inaishia hapo. NimekujaKusoma anza na herufi tu mkuu, halafu zikifika rafu ya pili urudi hapa tukuharibu vizuri.